Nyonga bandia ikianza kuuma tena

Ndugu zangu wa Pwani, naishi Eldoret, na nyonga yangu ya kulia imepasuliwa mara tatu: kutiwa kiungo bandia, kukitoa, kisha kutiwa kingine. Wengi huniuliza vipi kitu kipya kiharibike.

Sababu kubwa ni tatu. Kiungo hulegea kwenye mfupa, aghalabu baada ya miaka mingi. Au huteguka, hasa mtu akichutama. Au huingiwa na vijidudu, kama changu.

Vijidudu vikishika kiungo hujijengea utando, na dawa haivifikii vyema. Vikigunduliwa mapema, nyonga huweza kuoshwa na kiungo kikabaki. Vikikomaa, mara nyingi kiungo hutolewa, mahali pake huwekwa saruji yenye antibayotiki, na kipya hutiwa baada ya wiki au miezi. Miezi ile ya kungoja, nikitembea kwa magongo, ilinichosha kuliko kisu chenyewe.

Kwa hivyo kidonda kikitoa majimaji, homa ikija au maumivu yakirudi, usijinunulie antibayotiki dukani: zaweza kuficha kijidudu, kipimo kisikione. Rudi kwa daktari wa mifupa akupime damu, akupige picha, na ikibidi avute maji ya nyonga yakapimwe.

Sasa naswali kitini na choo nimekiinua. Ukiambiwa upasuliwe tena, uliza: tatizo ni nini hasa, nitangoja muda gani, na nyumbani nitahitaji msaada gani?