Mjamzito Akihisi Ganzi Usoni: Tusingoje Mpaka Kesho



Mama mwenye mimba ya miezi minane aamka alfajiri kutawadha. Akisukutua, maji yamchuruzika pembeni mwa mdomo. Akiosha uso, jicho moja lakataa kufumba, na shavu la upande huo alihisi lina ganzi. Nyumbani, mmoja asema ni upepo, mwingine asema ni jicho la watu, na wa tatu amshauri amngoje bwana arudi safari. Siku zapita, na hizo ndizo siku zenye thamani kubwa ya matibabu.

Tumeona tulizungumze jambo hili kwa kuwa ganzi ya uso katika mimba ina sababu nyingi, nyingine nyepesi na nyingine za kuhatarisha roho mbili.

Ganzi nyepesi huja na kupita. Aliyelalia shavu, au aliyeshikwa na hofu akapumua kwa haraka, huweza kuhisi midomo na vidole vikichonyota kwa dakika chache. Ikirudi mara kwa mara, aitaje kliniki apimwe damu, kwani upungufu wa vitamini B12 pia huleta ganzi.

Hali ya mama tuliyemtaja ni nyingine. Madaktari huiita kupooza kwa Bell, kwa jina la Charles Bell, tabibu wa Uskoti aliyeandika kuhusu mishipa ya fahamu ya uso mwaka 1821. Mshipa huo hupita katika tundu jembamba la mfupa karibu na sikio; ukivimba hubanwa, na nusu ya uso hulegea. Wengi husema ni ganzi, ingawa mara nyingi kilichopungua ni nguvu za misuli. Hutokea zaidi katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba na siku za mwanzo baada ya kujifungua. Wengi hupona kwa majuma au miezi, lakini dawa za steroidi, daktari akiona zinafaa, hufaa zaidi zikianzwa ndani ya saa 72. Jicho lisilofumba nalo hulindwa kwa matone na kufunikwa usiku, lisikauke likapata kidonda.

Kuna sababu nyingine ya kutokawia. Kupooza huku wakati wa mimba kumeonekana kufuatana na shinikizo la damu na dalili za kifafa cha mimba. Kwa hiyo mama apimwe presha na mkojo siku hiyo hiyo. Baada ya wiki ya 20, kipimo cha 140/90 au zaidi hakipuuzwi.

Tukimbie hospitali mara moja, hata usiku wa manane, iwapo ganzi au kulegea kwa uso kumeandamana na mojawapo ya haya:

- mkono au mguu wa upande mmoja kukosa nguvu, au maneno kukorogeka, kwani huenda ni kiharusi;
- kichwa kuuma vikali, macho kuona ukungu au vimetameta;
- maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, au uso na mikono kuvimba ghafla;
- degedege, au kupoteza fahamu.

Na uso ukilegea ghafla bila dalili hizo, bado aende siku hiyo hiyo. Tusijiamulie wenyewe kuwa si kiharusi.

Kisomo na dua havigombani na hospitali. Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kujitibu, na mama aweza kusomewa akiwa njiani.

Mabinti zetu wengi hutoka wamefunika nyuso, na jirani hawezi kuona mdomo uliopinda. Wa kuona ni sisi wa nyumbani: mume, mama mkwe, wifi. Tumwangalie anapotabasamu, na akisema uso wake una ganzi, tumwamini.

Nanyi akina baba, toeni idhini mapema. Mkubaliane leo nani atampeleka, kwa gari gani, na nauli imewekwa wapi. Na walio visiwani Lamu, ni nahodha gani ataamshwa usiku. Idhini ya kungojwa kwa simu isiyopatikana huweza kumgharimu mama jicho lake, au uhai wake na wa mwanawe.

Mwenyezi Mungu awahifadhi mama zetu na vizazi vyao. Amin.