Mlango Ulikuwa Wazi, Wakarudi: Wamama wa Likelemba Mbele ya Squid Game

Posho hii sitaandika juu ya mapishi wala chanjo. Nitaandika juu ya filme. Msinicheke. Wengi wenu mmeitazama kwa siri watoto wakiisha kulala, kama mimi. Ninatoa onyo moja: nitaeleza mpaka mwisho wake. Asiyeimaliza aweke gazeti hili pembeni, alirudie baadaye.

Squid Game ilitoka Korea ya Kusini kupitia Netflix tarehe 17 Septemba 2021. Kwetu iliingia kama filme zote zinavyoingia: kijana wangu alikuja nayo kwenye flash, ikiwa imetiwa sauti za Kifaransa. Jioni ya kwanza sikuvumilia. Lile sanamu kubwa la msichana lilipogeuza kichwa, na watu wakaanza kuanguka kwa risasi kwa sababu tu walitikisika, nilizima televizio. Nikasema: haya si mambo ya kuonyesha nyumbani mwa watu.

Lakini usiku usingizi haukuja, na sababu haikuwa damu. Nilikuwa nawaza juu ya mama ya Gi-hun.

Kwa wasioijua, hadithi ni hii. Watu 456 wenye madeni wanapelekwa kwenye kisiwa kucheza michezo ya watoto: kuvuta kamba, goroli, ule mchezo ambao watoto wetu shuleni wanauita « Un, deux, trois, soleil ». Anayeshindwa anauawa. Kila anayekufa anaongeza won milioni 100 ndani ya chombo kikubwa kilichoning'inia juu ya vitanda vyao. Atakayebaki peke yake anachukua won miliari 45.6, karibu dola milioni 38 za wakati ule. Seong Gi-hun, mchezaji nambari 456, ana mama mgonjwa wa sukari. Mguu wake unaoza, na feza ya hospitali hakuna. Mama huyo bado anatoka kila siku kuuza vitu ili mtoto wake, mtu mzima, apate kula. Bamama, huyo tunamjua. Anaishi Katuba, anaishi Ruashi, anaishi Kenya. Pengine anaishi ndani ya nyumba yako.

Kwa hiyo nilirudi, nikatazama yote. Tangu siku ile nimekuwa mpenzi wa filme hii, na wapenzi wa filme wana kazi yao: kutafuta maana iliyofichwa. Hizi ndizo fikra zangu.

Jehanamu iko wapi?

Watu wengi husimulia lile sanamu na lile daraja la vioo. Mimi nasema moyo wa hadithi uko kwenye sehemu ya pili. Baada ya mchezo wa kwanza wanabaki watu 201. Sheria inasema wengi wakitaka, mchezo unakwisha. Wanapiga kura: 100 wanataka kubaki, 101 wanataka kwenda. Mlango unafunguliwa, wote wanarudishwa nyumbani. Kisha wanaitwa tena, na 187 wanarudi kwa miguu yao wenyewe.

Sehemu hiyo ya pili ina jina lake: Jehanamu. Na karibu yote inapita nje ya kisiwa, nyumbani, sokoni, hospitalini. Mwandishi anatuambia wazi jehanamu iko wapi, nasi tunaendelea kuogopa sanamu.

Tena tazameni nani alipiga kura ya mwisho. Ni yule mzee nambari 001, ambaye baadaye tunajua ndiye mwenye mchezo. Yeye ndiye aliyewafungulia mlango. Wengine wanasema alikuwa na huruma. Mimi sikubali. Aliwaacha waende kwa sababu alijua watarudi. Mtu mwenye deni hahitaji kufungwa kamba. Katika msimu wa pili, uliotoka Desemba 2024, mambo yanarudi vilevile: kura 183 za kubaki, 182 za kwenda, na kura ya mwisho tena ni ya nambari 001, mkubwa wa mchezo aliyejificha kati ya wachezaji. Safari hii anachagua kubaki. Mara mbili watu walifikiri wanachagua wenyewe, na mara mbili mwenye mchezo alikuwa amekaa katikati yao.

Kuna fikra nyingine iliyoenea sana, kwamba mzee huyo ni baba ya Gi-hun. Sioni haja yake. Dalili za kweli zipo: kwenye goroli hatukumwona akifa, tulisikia tu mlio wa bunduki. Na ni yeye aliyepanda juu ya vitanda usiku ule wa mauaji kulia kwamba anaogopa, na mara wakubwa wakasimamisha fujo. Hiyo inatosha. Mtu anaweza kukuita rafiki, akagawana nawe mkate, na bado akawa ndiye anayekula jasho lako. Si lazima awe baba yako.

Kiwanda kilichofungwa

Jambo moja linatugusa sisi wa Lubumbashi kuliko wengine. Gi-hun hakuzaliwa mzembe. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha magari, akafukuzwa pamoja na wenzake, wakagoma, rafiki yake akafa mbele ya macho yake. Hwang Dong-hyuk, aliyeandika na kuongoza filme hii, aliitoa habari hiyo kwenye jambo la kweli: kiwanda cha SsangYong, mwaka 2009, wafanyakazi zaidi ya 2,600 wakitakiwa kuondoka, na mgomo wa siku 77.

Bamama, nani hapa hana kumbukumbu ya namna hiyo? Mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi 10,655 wa Gécamines waliondoka kwa ile iliyoitwa « départs volontaires », kuondoka kwa hiari, kwa feza za Benki ya Dunia. Kwa hiari! Watu waliokuwa na miezi mingi bila mshahara waliulizwa kama wanataka kupokea kitu kidogo na kwenda zao. Nao wakatia sahihi. Sisemi ni sawa na risasi. Nasema tu kwamba nilipoona watu wale wakitia sahihi karatasi kabla ya kucheza, nilikumbuka baba wa nyumba nyingi za mji huu, na wamama walioanza siku ile kuuza makala na unga mbele ya mlango ili watoto wasome.

Hwang mwenyewe alijua deni. Alipoanza kuandika hadithi hii, yeye, mama yake na nyanya yake walikuwa wanaishi kwa mikopo. Siku moja alilazimika kuuza kompyuta aliyoandikia. Alikataliwa miaka kama kumi. Ndiyo maana hadithi yake haimcheki mwenye deni.

Mama na mwanawe

Msimu wa tatu ulitoka Juni 2025. Humo mna mama mzee, Geum-ja, aliyeingia mchezoni ili kulipa deni la mtoto wake wa kiume, akamkuta mtoto mwenyewe tayari yuko ndani. Mna pia msichana mwenye mimba, Jun-hee, nambari 222, anayezaa mchezoni, na Geum-ja ndiye anayemzalisha. Kisha mwana wa Geum-ja, ambaye lazima aue mtu ili aishi, anataka kumuua mzazi yule. Mama anamchoma mwanawe kwa mkono wake mwenyewe ili kumzuia, na walinzi wanammaliza kijana. Baadaye Geum-ja anajiua kwa uchungu.

Tulitazama sehemu hiyo pamoja, wamama saba wa likelemba yetu, Jumamosi moja umeme ulipokubali. Vita ya maneno ilitokea! Mmoja alisema: « Hakuna mama wa namna hiyo. Damu yako ni damu yako. » Mwingine akajibu: « Mama alimlea ili awe mtu. Alipotaka kuua mzazi yule, mama alisimamisha jambo lile aliloogopa kuliko kifo. » Mpaka leo hatujapatana. Mimi naona Geum-ja alikuwa amelipa madeni ya kijana yule maisha yake yote, na siku ile alikuta deni moja ambalo mama hawezi kulipa kwa niaba ya mtoto: deni la damu ya mwingine.

Mtoto yule mchanga anapewa nambari ya mama yake na kuhesabiwa kama mchezaji. Hata baba yake mzazi, ambaye naye yuko mchezoni, anamtazama kama kizuizi cha feza. Mwishoni Gi-hun anakubali kufa ili mtoto aishi. Anaanza kusema binadamu ni nini, na hamalizi. Wapenzi wa filme wanabishana maneno gani yalibaki. Nafikiri aliacha nafasi ili kila mmoja amalize nyumbani kwake.

Ule mutu ni miye

Na nyumbani kwetu ilimalizika hivi. Filme ilipokwisha, wote walikuwa wanasema kwa pamoja isipokuwa mama mmoja, muuzaji wa samaki, mtu wa kucheka kila siku. Nikamuuliza kama amechoka. Akasema: « Bamama, ule mutu ni miye. »

Tukanyamaza. Akaeleza. Mwezi mmoja alikosa feza ya likelemba kwa sababu ya minerval ya watoto. Kwetu kulikuwa na sheria: anayechelewa analipa faini, na jina lake linasomwa mbele ya wote. Kwa kuogopa haya, alikwenda kwa mkopeshaji wa riba, mambo yale ambayo mjini tunayaita « lambert ». Alikopa ili alete kwetu. Akakopa tena ili alipe ule wa kwanza. Kila mwezi alifika kwa wakati, amejipamba, anatabasamu, nasi tukampigia makofi. Sisi tulifikiri tuko nje ya mchezo, tukiutazama kwenye televizio. Kumbe kwake sisi tulikuwa ndani yake, tumeshika orodha ya nambari.

Posho iliyofuata tulikaa kuzungumza juu ya sheria ile. Haikuwa rahisi. Mama mmoja alisema bila ukali likelemba inakufa, na anasema kweli. Tumeziona nyingi zikifa. Tulipiga kura: wanne dhidi ya watatu. Sasa anayekosa anamwambia mweka hazina peke yake kabla ya siku, na anaweza kubadilishana zamu na mwenzake. Jina halisomwi tena. Muuza samaki tulimpa zamu ya kwanza. Deni lake halijakwisha, bado analipa. Lakini hajarudi kwa mkopeshaji, na sasa anapokosa anasema.

Juu ya watoto

Filme hii si ya watoto. Mwaka 2021, shule moja ya Erquelinnes, Ubelgiji, ilibidi iwaandikie wazazi kwa sababu watoto walikuwa wanacheza « Un, deux, trois, soleil » na kumpiga anayeshindwa. Wadogo wasiitazame, hata wakilia. Kama kijana wako mkubwa ameisha kuiona kwenye simu ya rafiki, usimpige. Keti naye, umuulize ni nani alimwonea huruma, na kwa nini watu wale walirudi. Wangu alinijibu: « Mama, walirudi kwa sababu hakuna aliyewauliza wana deni gani. »

Jumamosi ijayo kwenye likelemba yako, mtazame yule anayefika kwa wakati kila mara na kucheka kuliko wote. Msogelee pembeni, umuulize kwa sauti ndogo.

Mbaki salama. Tutaonana posho ijayo.