Foleni ya Wagonjwa wa Moyo: Tujifunze kwa Uingereza



Moyo ni pampu, nao wenyewe hulishwa damu na mishipa myembamba. Mishipa hiyo ikianza kuziba kwa mafuta, mtu hubanwa kifua akipanda ngazi au akibeba mzigo. Mmoja ukiziba ghafla, hupatwa na shambulio la moyo.

Kuna njia mbili za kurudisha damu. Ya kwanza ni kupasua kifua na kushonea kipande cha mshipa, mara nyingi kutoka mguuni, ili damu ipite kando ya kizuizi. Dakta René Favaloro wa Argentina aliiendeleza huko Cleveland, Marekani, kuanzia mwaka 1967. Ya pili haipasui kifua. Daktari hupenyeza mrija kutoka pajani au mkononi hadi kwenye mishipa ya moyo, kisha hujaza puto dogo kupanua njia. Dakta Andreas Grüntzig aliifanya kwanza Zurich, Uswisi, mwaka 1977. Baadaye kikaongezwa kijibomba cha wavu wa chuma, yaani stenti, ili mshipa usijifunge tena.

Uingereza hospitali za umma huendeshwa kwa kodi tangu mwaka 1948, na mgonjwa hadaiwi ada ya upasuaji. Hata hivyo, kufikia mwaka 2000 wako waliongoja upasuaji wa moyo zaidi ya mwaka mzima, na wengine walikufa wakingoja. Ufundi ulikuwapo. Vilivyopungua ni fedha, vitanda, wauguzi na madaktari.

Mwaka huo serikali ilitoa mpango wenye viwango na tarehe. Fedha na watumishi wakaongezwa. Kuanzia Julai 2002, aliyengoja zaidi ya miezi sita alipewa nafasi ya kuchagua hospitali nyingine. Kufikia mwaka 2005 kikomo cha kungoja kilikuwa miezi mitatu.

Kazi yenyewe pia ilibadilika. Upasuaji ulifika karibu 25,000 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha ukapungua. Puto na stenti, karibu 10,000 mwaka 1991, zilifika karibu 100,000 kwa mwaka kabla ya 2020. Lakini upasuaji haujapitwa: bado huwafaa zaidi wengi wenye kisukari ambao mishipa kadhaa imeziba.

Ndugu, kifaa peke yake hakipunguzi foleni. Hupunguzwa na fedha ya wote, watumishi wa kutosha, na tarehe ambayo wakubwa wanaweza kuulizwa. Jirani zetu Tanzania wana Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, mali ya umma, tangu mwaka 2015. Zamani wagonjwa wengi walipelekwa India.

Basi kwenye mkutano wa tawi tuulize: makato yetu ya bima yanalipia matibabu haya? Hospitali ipi? Mtu atangoja siku ngapi? Tudai jibu kwa maandishi.

Na anayebanwa kifua bila kuachiwa asimalize zamu. Apelekwe hospitali mara moja.