Kukata mti kuna majira yake



Kila mwaka, mvua ya Septemba ikianza, ulizo moja linarudi katika mikutano huku Bengamisa: "Mnunuzi wa mbau amefika na avansi mkononi. Tuingie pori sasa, ao tungoje?" Jibu letu ni: mngoje. Juu ya nini? Tueleze.

Tuanze mbali kidogo. Katika inchi za baridi kali kama Ufini, Urusi na Kanada, kazi ya kukata miti inafanyika mingi wakati wa theluji. Mtu wa kwetu anaweza kushangaa: kwa nini wafanye kazi nzito wakati vidole vinaganda? Sababu yao ni udongo. Baridi ikishuka chini ya sifuri, maji yaliyo ndani ya udongo yanageuka barafu, na udongo unakaza sawa simenti. Hata kwenye mabwawa mashini na kamio zinapita bila kuzama. Barafu ikiyeyuka, udongo unalegea tena, na kule pia barabara nyingi za pori zinafungiwa kamio nzito.

Sisi tunajua sheria hiyo hiyo. Ni baryeri ya mvua. Mvua ikinyesha, kamba inawekwa barabarani, kamio zinangoja udongo ukauke. Wenye barabara wanajua kwamba kamio moja siku ya matope inaharibu kuliko kamio nyingi siku ya jua. Basi, pori nalo linahitaji baryeri yake.

Hapa kwetu, karibu na ikweta, hakuna barafu. Lakini tuko na wakati ambao udongo unakaza: tangu Desemba mpaka Februari mvua inapunguka, na Januari mara nyingi ndio mwezi mkavu kuliko yote. Juni na Julai inapunguka tena, lakini kidogo. Mvua kubwa ni ya Septemba mpaka Novemba, na nyingine ya Machi mpaka Mei. Januari ndiyo barafu yetu.

Tukikata wakati wa mvua kubwa, vitu vitatu vinaharibika.

Kwanza, udongo. Njia ya kutolea mbau inageuka mfereji. Udongo uliokandamizwa ukiwa na maji unakosa hewa, na miche midogo inayotaka kuota pale inakufa.

Pili, mbau yenyewe. Gogo la mti mweupe likilala kwenye unyevu linaingiwa na kuvu, linapata madoa ya bluu, na wadudu wanalitoboa. Mnunuzi aliyekuwa anasukuma mkate haraka ndiye atakayeshusha bei.

Tatu, na ndilo kubwa, mtu. Udongo uliolowa haushiki mizizi vizuri, na mti unaweza kuanguka upande usiopangwa. Matawi makavu yakijaa maji yanakuwa mazito, yanavunjika juu ya kichwa cha mkataji. Mguu unateleza wakati mashini ya kukata iko inazunguka. Na njia ya kukimbilia ni matope.

Kama mvua inawakuta kazini

Hata Januari mvua inaweza kunyesha. Kila ekipi ishike mambo haya:

1. Ukiona umeme, hesabu. Kama ngurumo inafika kabla ya kumaliza sekunde 30, acha kazi. Usirudi mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Usijifiche chini ya mti mrefu. Nenda ndani ya nyumba nzuri ao ndani ya gari iliyofungwa. Kama hakuna, tafuta mahali pa chini mbali na miti mirefu, muachane nafasi, muchuchumae.

2. Upepo ukianza kutikisa vichwa vya miti, hakuna kukata. Kama mti umekwisha kuanzwa na haukuanguka, mtu yeyote asipite karibu nao.

3. Asiyekata akae mbali, urefu wa mti mara mbili. Mkataji asafishe njia mbili za kukimbilia, zinazoenda nyuma kwa mshazari, mbele ya kugusa mti.

4. Nguo kavu. Watu wengi wanasema kwetu hakuna baridi. Lakini mtu aliyelowa saa mbili, na upepo unampiga, anatetemeka. Mikono inakufa ganzi, akili inapunguka, na panga linamponyoka. Wakataji wa inchi za theluji wanabeba nguo na glavu za kubadilisha. Sisi tubebe shati kavu ndani ya sashe, turubai ya kujifunika, na chai moto. Anayetetemeka asishike shoka wala mashini.

Wakati wa mvua si wa kulala

Kungoja Januari si kukaa bure. Septemba mpaka Novemba ekipi inaweza kuchagua miti na kuitia alama, kuacha miti mama inayotoa mbegu, na kukata kamba za pori zinazofunga mti na wenzake. Kamba ikikatwa miezi kadhaa mbele, inakauka na kulegea. Ikikatwa siku ile ile, mti ukianguka unaweza kuvuta mwingine. Ndio wakati pia wa kutafuta kibali cha kukata, juu karatasi inachelewa.

Tena, mvua ni rafiki wa kupanda. Miche ya pepinieri, ikiwa ni akasia ya makala ao afromosia ya mbau, ipandwe mvua ikishika vizuri, mashimo yakiwa tayari. Mche uliopandwa Desemba unakutana na jua mbele ya mizizi kushuka.

Shida moja ni ya kweli: Januari ndio mwezi ambao kila nyumba inafyeka shamba la Machi. Mikono ni michache. Koperativi ipange mapema, katika mkutano wa Oktoba, siku za shamba na siku za pori, ili mtu asichoke huku na kuumia kule.

Na mnunuzi je? Mpokee avansi Oktoba kama mnapenda, lakini mapatano yaandikwe: mbau zitatoka Februari. Asiyekubali kungoja, mseme naye bei na hatari zote wazi.

Mwisho, muandike katika kitabu cha mikutano jina la mtu mmoja katika kila ekipi aliye na ruhusa ya kusema "leo hatukati." Akisema, hata prezida wa koperativi asimrudishe, na siku ile isikatwe kwenye malipo ya wafanyakazi. Bila hilo, wataingia pori na mvua, juu ya kuogopa kupoteza franka za siku moja.