Kichina cha Chuoni na Kichina cha Kazini

Alasiri moja nilikuwa nimeketi barazani katika mtaa wa Bondeni, mjini Nakuru, nyumbani kwa sahibu yangu wa tangu utotoni aliyehamia huku bara kwa biashara. Mwanawe mkubwa, ambaye amesoma Kichina huko Njoro, alikuja akanipa mkono, akaketi mkekani, kisha akatoa karatasi mfukoni.

“Ami,” akasema, “nisomee hii. Mama ataka kuuza bangili zake kwa sababu yake.”

Nikaivaa miwani, nikasoma. Ilikuwa ahadi ya wakala mmoja. Kijana atapelekwa Uchina kwa viza ya mwanafunzi. Asubuhi atasoma Kichina, na jioni atafundisha watoto wadogo Kiingereza kwa mshahara. Ada ya wakala ilipwe kabla ya safari, na wala hairudishwi.

Nikamwuliza kilichomvuta ni nini, fedha au safari. Akajibu: “Ni lugha, Ami. Mtihani nimepita, lakini Mchina akisema nami mbio simpati. Nikikaa nao, nikafanya kazi nao, ulimi utafunguka.”

Msomaji mpenzi, maneno ya kijana yule yalikuwa ya kweli, na karatasi ile ilikuwa ya hatari. Kwa kuwa najua yeye si peke yake, na kwamba huko Mombasa, Malindi na Lamu wako vijana wengi wenye karatasi kama hizo, nimeona heri mambo haya mawili tuyatenge, kila moja tulitazame mbali na jenziwe.

ULIMI HAUFUNGUKI KITABUNI

Tuanze na lililo kweli. Katika Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanza mwaka wa 1939 kama shule ya ukulima ya Lord Egerton, kuna Taasisi ya Confucius iliyoundwa mwaka wa 2012 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Nanjing. Hapo vijana wa Bonde la Ufa husomeshwa Kichina, na elimu ya kilimo ikiwa karibu. Kipimo chao ni mtihani uitwao HSK. Kwa mpango wa daraja sita ulioanza mwaka wa 2010, daraja la nne lilidai maneno yapatayo 1,200, na la tano 2,500. Si haba. Lakini neno la kwenye karatasi na neno la kinywani ni ndugu wasiofanana sura.

Sisi tuliosoma chuoni kwa mwalimu twalijua jambo hili. Nani asiyekumbuka alivyorudishwa mara kumi kwa sababu ya herufi moja? Ukiitoa kaf mahali pa qaf, moyo wageuka mbwa: qalb ni moyo, kalb ni mbwa. Mwalimu hakukueleza kwa kitabu. Alikutazama mdomo, akasoma, ukamfuata, ukakosea, akakurudisha, hata sauti ikakaa mahali pake.

Kichina nacho kina mtego wa namna hiyo, ila wake uko katika kupanda na kushuka kwa sauti. Kichina sanifu kina sauti nne, na neno likibadilika sauti, limebadilika maana. Kiswahili chetu hakina mambo hayo. Sisi twakaza silabi ya pili kutoka mwisho, basi. Kwa Mchina, mai ya sauti inayozama kisha ikainuka ni kununua, na mai ya sauti inayoporomoka ni kuuza. Mfanyabiashara asiyezitenga hizo mbili atakwenda sokoni kununua, aonekane amekuja kuuza.

Sasa mtego huu dawa yake ni moja: kusema na watu wenye haja na jibu lako. Darasani mwalimu akusubiri umalize. Kazini fundi aliye juu ya ngazi ataka nyundo, hataki sarufi; ukimpa kitu sicho, wajua papo hapo. Ndiyo maana kijana yule hakukosea aliposema kazi itamfungua ulimi.

SHERIA YASEMAJE

Palipo na hatari ni hapa. Sheria ya Uchina ya kuingia na kutoka nchini, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2013, inataka mgeni afanyaye kazi awe na kibali cha kazi na kibali cha ukaazi cha kazi. Mwenye viza ya mwanafunzi amekwenda kusoma. Akitaka kazi ndogo ya nje ya masomo sharti chuo chake kikubali, na idara ya uhamiaji imwandikie ruhusa hiyo katika kibali chake cha ukaazi. Asipofanya hivyo kazi yake ni haramu mbele ya sheria, hata akiwa mwalimu mwema kuliko wote. Adhabu yake ni faini ya yuan 5,000 hadi 20,000. Na kosa likiwa zito huongezwa kizuizi cha siku 5 hadi 15. Kisha anaweza kurudishwa kwao.

Na kufundisha Kiingereza kuna mlango wake mwingine mwembamba. Kivitendo, kibali cha kazi hiyo hupewa zaidi raia wa nchi saba ambazo Uchina huzihesabu kuwa Kiingereza ni lugha yao ya kuzaliwa: Uingereza, Marekani, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Kenya haimo. Mtu anaweza kuiona hiyo dhuluma, nami sitabishana naye; lakini wakala achukuaye bangili za mama wa watu bila ya kumwambia jambo hilo, huyo amedhulumu zaidi.

Njia iliyo halali ni ndefu, lakini yapitika. Mwajiri wa Uchina humtafutia mgeni ruhusa kwanza, naye mgeni akaomba viza iitwayo Z angali kwao. Aghalabu hutakiwa shahada, uzoefu wa miaka 2 wa kazi, na cheti cha polisi cha tabia njema. Tangu mwaka wa 2017 aliyemaliza shahada ya uzamili katika chuo cha Uchina anaweza kusamehewa ile miaka 2 ya uzoefu. Kibali kikitoka kimefungamana na mwajiri mmoja. Huwezi kukihamisha kama mtu ahamishavyo mkeka.

Kwa hivyo nilimwambia kijana: “Mwanangu, neno la kwanza la kazi katika Kichina usilichague gongzi, yaani mshahara. Lichague hetong, yaani mkataba. Usiloweza kulisoma ndani ya hetong, usilitie saini.”

KAZI ILIYO MLANGONI

Akaniuliza kwa huzuni, “Basi Ami, nikae hapa Kichina kinikaukie mdomoni?”

Nikamwonyesha kaskazini, upande wa Menengai. Katika mlima ule kituo cha Sosian, cha megawati 35, kilichoanza kutoa umeme wa mvuke wa ardhini mwaka wa 2023, kilijengwa na kampuni ya Kaishan ya Uchina. Reli ya Nairobi hadi Naivasha, ya kilomita 120, iliyofunguliwa Oktoba 2019, ilijengwa na Wachina. Na Novemba 2025 ulizinduliwa upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit, inayopita Naivasha na hapa hapa Nakuru, na makampuni ya Kichina yakawa miongoni mwa waliopewa kazi hiyo.

Penye mhandisi Mchina na kibarua wa Molo au Gilgil pana pengo, na pengo hilo lataka mtu. Ajuaye Kichina, Kiswahili na majina ya vyuma ana nafasi asiyokuwa nayo ajuaye Kichina peke yake. Miaka 2 ya kazi ya namna hiyo, yenye barua ya kuithibitisha, yaweza baadaye kuhesabiwa katika kibali cha Uchina ikiwa yalingana na kazi anayoiomba. Na ulimi utakuwa umenolewa bila ya kuuza dhahabu ya mtu.

Simzuii mtu kusafiri. Watu wa pwani walijuana na Uchina tangu zamani: mwaka wa 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa mbele ya mfalme wa Uchina. Wala aendaye hatakuwa mkiwa. Guangzhou uko msikiti mkongwe wa Huaisheng, na Beijing uko wa Niujie. Waislamu wa kabila la Hui, ambao Kichina ndiyo lugha yao, waliwahi kuiandika lugha hiyo kwa herufi za Kiarabu, maandishi yaitwayo xiao'erjing, kama wazee wetu walivyoandika Kiswahili. Mgeni wa kwetu akitoka swala ya Ijumaa huko atapata wa kumwamkia, na maamkizi hayo hayahitaji mkalimani. Mengine yote atajifunza kwao. Kuhusu ile kauli mashuhuri ya kutafuta elimu hata ikiwa Uchina, wanazuoni wa hadithi wameidhoofisha. Lakini kutafuta elimu ni wajibu bila ya kauli hiyo, na kuhifadhi mali ya wazazi ni wajibu vile vile.

Nilipoondoka Nakuru, kijana alikuwa ameandika barua mbili za kuomba kazi ya ukalimani, moja ya barabarani na moja ya Naivasha. Jibu hajapata. Karatasi ya wakala alimrudishia mwenyewe. Mamake alitoka kuniaga mlangoni, akanipa mkono kwa ncha ya buibui, na bangili zake nikazisikia zikilia.