Barua ya Mchungaji kwa Kijana Aombaye Chuo Marekani

Mchungaji wa usharika wa mjini hujiwa na watu wenye haja nyingi. Kule Bagara, mjini Babati, si ajabu jioni, baada ya mazoezi ya kwaya, kijana wa kidato cha sita kusimama mlangoni na kusema, "Shikamoo Mchungaji. Naomba uniandikie barua ya kuombea chuo Marekani." Naye mchungaji huchukua karatasi yenye kichwa cha usharika, akaandika ya kwamba kijana huyu amebatizwa na kupata Kipaimara, ni mwaminifu na mwenye tabia njema, akagonga mhuri na kumwombea. Mimi nami nimeandika barua za namna hiyo, zikitofautiana kwa jina tu. Makala hii yakusudia kueleza kwa nini hazimsaidii kijana, na jinsi mchungaji awezavyo kumfaa zaidi.

Kwetu mwombaji wa chuo kikuu hupimwa hasa kwa matokeo ya Baraza la Mitihani. Vyuo vingi vya Marekani, hasa vile vidogo vya binafsi na vya makanisa, husoma habari zote za mwombaji kwa pamoja: matokeo, mtihani wa Kiingereza, insha juu ya maisha yake, na barua za watu wanaomfahamu. Wasomaji hao hawajapata kufika Babati, na mhuri wetu hauwaambii neno. Maneno "ana bidii" wameyasoma mara nyingi siku hiyo hiyo. Lakini ukieleza kwamba kijana huyu, alipoombwa na kikundi cha akina mama kuhesabu magunia ya mbaazi, aligundua kosa lililowapunja misimu miwili, naye akalieleza pasipo kumwaibisha mweka hazina, hapo wamemwona mtu. Na tukio liwe la kweli. Mchungaji asiyemjua kijana vya kutosha afadhali amwambie hivyo, kwa maana barua ya mwalimu ndiyo inayotangulia, na ya mchungaji huongezwa tu.

Barua huandikwa kwa Kiingereza, na aghalabu mwandishi huipeleka chuoni mwenyewe kwa njia ya intaneti. Jambo hili huwakwaza baadhi yetu, maana tumezoea kumkabidhi barua mwenye haja; lakini kule barua iliyopita mikononi mwa mwombaji haiaminiwi sana.

Yafaa pia mkuu wa shule aeleze maana ya madaraja yetu. Katika kidato cha sita Daraja la Kwanza ni pointi 3 hadi 9, na 3 ndiyo bora. Mmarekani, ambaye kwake wastani wa 4.0 ni sifa na wa 1.0 ni aibu, aweza kusoma kinyume kabisa.

Sasa nije kwenye fedha, maana hapa ndipo familia huuza viwanja. Barua ya kukubaliwa si barua ya ufadhili. Gharama za mwaka mmoja katika vyuo vingi vya binafsi hupita dola 60,000. Chuo hakitoi fomu ya I-20, ambayo kwayo mwanafunzi huomba viza, mpaka ionyeshwe fedha ya mwaka wa kwanza itatoka wapi. Vyuo kama Harvard, Yale, Princeton na Amherst havitazami umaskini wa mgeni vinapomchagua, na humsaidia kadiri ya mahitaji yake. Ila wanaochaguliwa ni wachache mno. Vyuo vyenye asili ya Kilutheri, kama St. Olaf kule Minnesota na Luther College kule Iowa, hutoa misaada, lakini kijana asome kwa makini kiasi kinachobaki juu yake. Ada ya maombi yenyewe husamehewa na vyuo vingi, mradi mwombaji aombe. Dalali anayedai fedha ili "apitishe jina" akataliwe mlangoni. Ushauri wa EducationUSA, unaohusiana na Ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, ni bure.

Tena kuna jambo zito. Mwezi Desemba 2025 Rais wa Marekani alitangaza kuzuia viza kwa raia wa nchi kadhaa, Tanzania ikiwamo, hata viza za wanafunzi, kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Kwa hiyo kabla ya kulipa dola 350 za usajili wa mwanafunzi mgeni, na ada ya viza iliyopandishwa kuwa dola 185 mwaka 2023, ubalozi uulizwe kwanza hali ikoje siku hiyo. Ada ya viza hairudishwi ombi likikataliwa.

Kwa wanafunzi wa theolojia neno moja. Askofu Josiah Kibira, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni mwaka 1977, alisoma Boston mwanzoni mwa miaka ya 1960, na wengi wangependa kufuata njia hiyo. Shahada ya uzamili kule hudai kwa kawaida shahada ya kwanza. Stashahada ya chuo cha Biblia haitoshi. Na chuo kinachotoa udaktari kwa miezi michache na malipo ya haraka kiulizwe habari zake Tume ya Vyuo Vikuu kabla ya mtu kushona joho.

Vyuo vingi vinavyofungua masomo mwezi Agosti hufunga maombi ya shahada ya kwanza mapema Januari. Kijana ajaye kwa mchungaji wiki ya Krismasi, wakati wa ibada nyingi, aambiwe kwa upole aje tena mwezi Julai, na aje na insha yake mkononi.