Wodi ya Saratani Haihitaji Pole

Muuguzi akisema anafanya kazi kwenye wodi ya saratani, wengi humpa pole kabla hata ya kumuuliza anafanya nini hasa. Pole hiyo inatoka kwenye moyo mzuri, ila imejengwa juu ya dhana mbili zenye kasoro: kwamba kila saratani ni hukumu ya kifo, na kwamba nesi yupo pale kumshika mgonjwa mkono tu akingoja siku yake. Hata wanaoisifu kazi hii hutumia maneno ya huruma na wito, utadhani hakuna kinachohitajika zaidi ya roho nzuri. Mimi naona faida yake kubwa iko kwingine. Ni fani chache za uuguzi ambamo uamuzi wa muuguzi mwenyewe, unaotokana na elimu yake na jicho lake, huonekana waziwazi ukibadili hatima ya mgonjwa. Kuijua kazi kiasi hicho kunaleta furaha isiyoletwa na sifa za upole.

Chukua tibakemia. Daktari ndiye anayeiandika, lakini anayeiingiza mwilini ni muuguzi, na dawa hizo hazisamehe. Doksorubisini ikivuja nje ya mshipa huweza kuozesha nyama ya mkono. Vinkristini inayotibu ikipita kwenye mshipa wa damu huua ikichomwa kimakosa kwenye uti wa mgongo. Kwa hiyo muuguzi huhakiki jina, kipimo, uzito wa mgonjwa na majibu ya damu kabla ya kufungua dripu, na akiwa na shaka husimamisha kila kitu, hata kama aliyeandika ni bingwa. Kisha mgonjwa anarudi nyumbani, na hapo ndipo hatari nyingine inapoanza. Kati ya siku ya saba na ya kumi na nne hivi, chembe nyeupe za damu huwa zimepungua mno, na homa ambayo mtu mwingine angeilalia hadi asubuhi inaweza kummaliza usiku uleule. Mgonjwa aliyefundishwa vizuri hatameza panadol akajifunika shuka. Atakimbilia hospitali aanzishiwe antibayotiki mapema, ikiwezekana ndani ya saa moja. Somo hilo alilipata kwa muuguzi, pengine kwa mazungumzo ya dakika chache kando ya kitanda, na hakuna hafla ya kukata utepe itakayoandaliwa kwa ajili yake.

Ushahidi wa thamani ya kazi hii upo, na si wa kubembeleza. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika New York kwa wagonjwa ambao saratani yao ilikuwa imeshasambaa mwilini. Kundi moja lilijaza dalili zake kwenye kompyuta, na dalili ikizidi, wauguzi walipata taarifa na kuchukua hatua. Katika kundi hilo nusu ya wagonjwa waliishi zaidi ya miezi 31. Katika kundi lililohudumiwa kwa utaratibu wa kawaida ilikuwa miezi 26. Dawa mpya ikileta nyongeza ya miezi mitano, hutangazwa duniani kote na kuuzwa kwa bei ya kutisha. Kabla ya hapo, mwaka 2007, wilaya ya Dindigul nchini India ilikuwa imetoa somo jingine: wauguzi waliofunzwa kupaka siki kwenye shingo ya kizazi na kutazama mabaka meupe walisaidia kupunguza vifo vya saratani ya sehemu hiyo kwa asilimia 35. Kipimo hichohicho ndicho kinachofanywa na wauguzi katika kliniki nyingi za Tanzania na Kenya, na baka likionekana mapema mara nyingi linatibiwa palepale, kabla halijawa saratani. Mwanamke anaondoka bila kujua alinusurika na nini.

Atasema mtu: hayo ni ya wanaowahi, na kwetu wengi huchelewa. Ni kweli, hata katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, wagonjwa wengi hufika ugonjwa ukiwa umekomaa. Lakini kuchelewa hakumwondolei muuguzi kazi yenye matokeo. Limfoma ya Burkitt, ile inayovimbisha mataya ya watoto na iliyoelezwa na daktari Denis Burkitt akiwa Uganda mwaka 1958, ni miongoni mwa saratani zinazosikia dawa haraka kuliko nyingi, na watoto wengi hupona wakimaliza dozi. Na pale kupona kusipowezekana, bado kuna maumivu ya kuondoa. Uganda ililielewa hilo mapema: mwaka 2004 sheria iliwaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu ya tiba shufaa kuandika mofini, hivyo mgonjwa wa kijijini hakulazimika tena kumtafuta daktari ili alale bila kulia. Nchi haimkabidhi kalamu ya mofini mtu wa kushika mikono.

Pingamizi zito zaidi ni la masilahi, na hili sitalipaka rangi. Neno “wito” limetumika mno kufunika mishahara midogo, na zamu ambazo muuguzi mmoja anahudumia wodi nzima. Dawa zenyewe ni hatari kwa anayezichanganya bila kabati lenye mfumo wa kuchuja hewa, glavu zinazofaa na gauni la kujikinga. Wala vifo havizoeleki, hata mtu akiwa na miaka mingi kazini. Lakini hoja hizi ni za kumdai mwajiri. Hazithibitishi kwamba fani haina thamani. Kijana anayefikiria kuiingia aulize mambo manne kabla ya kusaini: dawa zinachanganyiwa wapi, nani anagharamia mafunzo ya ubingwa, zamu moja ina wagonjwa wangapi, na baada ya kifo kigumu wauguzi wanakaa na nani kuzungumza. Asipopata majibu ya kueleweka, aombe kituo kingine. Wauguzi wa kazi hii ni wachache mno kiasi kwamba anaweza kuchagua.